Mpaka nipande Everest ndo nishinde tuzo?

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni mgumu, yaani mpagazi, mwaka wa sita huu nabeba mizigo ya wageni Kilimanjaro, ruti ya Machame. Nataka niandike safari za milimani, zile makala zinazobeba tuzo. Niliandika moja ya usiku wa kupanda kilele cha Uhuru, jamaa akasoma akasema hiyo ishaandikwa mara mia. Sasa mpaka nipande Everest au nifanyeje? – Mgumu, Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Everest iache kwanza. Jamaa kasema kweli ila hajakumalizia, kilele kila mgeni anakiandika, akishuka tu ni baridi, nyota na machozi pale kwenye kibao cha mita 5,895, we ukiandika hivyohivyo unashindana nao kwenye uwanja wao.

John Branch wa gazeti la New York Times alipata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi Marekani, mwaka 2013 kwa makala ya maporomoko ya theluji yaliyoua watu watatu jimbo la Washington, Februari 2012, na siku ile yeye hakuwepo! Aliwatafuta walionusurika wote, familia za waliokufa, waokoaji, wataalamu wa theluji, akapitia na ripoti za polisi. Kuuliza ndo kulimpa tuzo. Na hata aliyekuwepo lazima aulize: mwandishi Mmarekani Jon Krakauer alikuwa Everest Mei 1996 kwenye ile dhoruba iliyoua watu wanane, akaandika kwenye jarida la Outside kwamba kiongozi mmoja wa wapandaji alimwona karibu na mahema, kumbe alimfananisha, alikuwa mtu mwingine kabisa, ikabidi asahihishe. Hewa ya juu inakuchanganya hata uwe mzoefu vipi.

Sasa we angalia ulichonacho. Kambi ya Barafu, ile ya mwisho kabla ya kilele, haina maji. Mgeni anapewa chai ya moto pale, zaidi ya mita 4,600, hajui kuna mtu kashuka kambi ya chini, Karanga, na dumu, kajaza, kapanda nalo upepo ukimpiga ubavuni. Nilipopanda mimi nilimwona kijana anafika na dumu begani, maji yamemchuruzikia mpaka kola ya sweta imeganda imekakamaa kama kadibodi, anatafuta pa kulitua. Hiyo stori sijaisoma popote, na we umeibeba miaka sita!

Nunua daftari na penseli, maana kalamu yangu ya wino iligoma kulekule juu. Andika jioni ileile hemani kabla hujasahau: saa ngapi mlitoka, mlipumzika wapi, nani alisema nini. Mzigo mwisho kilo 20, sasa mizani ya getini ilisoma ngapi, na baada ya geti je? Hapo uliza kwa adabu, na usiweke jina la mwenzio bila ruhusa yake, mtu asije akakosa safari msimu ujao kwa ajili ya makala yako. Picha, simu yako inatosha.

Ukishuka safari hii nitumie hiyo ya maji, hata kama haijaisha, na usianzie kileleni, anzia Karanga dumu likiwa tupu.