Kulungu wa Wisconsin Hawajaisha, Inuka Kwenye Kiti

"Kaka, hao kulungu mnaopiga nao picha huwa mnawatoa wapi?" Ndivyo ulivyoanza ujumbe wa sauti nilioupata wiki iliyopita kutoka kwa kijana mmoja wa Green Bay, Mkongo mwenzangu, naye pia kapitia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania. Msimu wa bunduki wa Novemba ameumaliza wote kaskazini kwenye msitu wa serikali, juu ya dungu la chuma alilolinunua kwa kadi ya mkopo, na hakuona hata mkia. Wazungu wa kazini kwake wamemwambia mbwa mwitu wamemaliza wanyama, bora arudi kuvua samaki. Anauliza kama auze bunduki.

Usiuze, mdogo wangu. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu swali lako naulizwa kila Desemba, kanisani, kazini, kwenye misiba, na jibu langu limeshazidi urefu wa ujumbe wa sauti.

Msitu huohuo ulimokaa wewe, msitu wa taifa wa Chequamegon-Nicolet, ndimo nilimoangusha dume mwaka huu, pembe zake zina ncha nane. Ilikuwa Jumanne ya wiki ya Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya mwishoni mwa Novemba, wenye magari makubwa wengi wameshafunga kambi na kurudi mjini kulalamika. Sisemi kwa kujigamba. Haya, najigamba kidogo, maana wapo walionicheka, na wakisoma watajijua.

Kwetu uwindaji ni wa ukoo. Babu yangu kule Fizi, mashariki ya Kongo, aliwinda kwa nyavu na mbwa, mbwa kavalishwa kengele ya mti shingoni, wanaume wengine wamejibanza kwenye wavu na wengine wanafukuza kwa kelele kutoka nyuma. Sikuwahi kumwona akiwinda. Nilisimuliwa na baba tukiwa kambini, mahali ambapo kutoka nje hata kutafuta kuni ni kesi. Nikakua na hadithi za nyama bila nyama. Kisha nikaletwa Wisconsin, nikakuta nchi ambayo kila Novemba kiwanda kinapungukiwa watu kwa sababu ya mnyama, na mtu anaingia kununua maziwa kavaa rangi ya chungwa kali ya wawindaji kutoka kofia mpaka kiunoni bila kuchekwa. Nikasema hapa nitapaweza.

Aliyenishika mkono ni mzee mmoja Mhmong tuliyekuwa naye zamu moja. Wale nao walikuja kama sisi, wakimbizi kutoka Laos, na vijana wao wengi wamezaliwa hapa wakijua msitu kuliko wenyeji. Mzee hakunipeleka kwa kulungu. Alinipeleka kwa kindi, msimu mzima wa vuli, nikaona ananidharau. Kozi ya usalama wa uwindaji nayo nikaisoma, ni lazima kwa kila aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1973 au baada yake, na sisi ambao karatasi za ukimbizi zimetuzaa wote Januari mosi tulimpa mwalimu kazi ya kututofautisha.

Miaka ya mwanzo niliwinda kwa mzee mwingine, mkulima wa mahindi na soya, si mbali na mjini. Kiangazi nilimsaidia kupakia marobota ya nyasi, naye akaniachia kona yenye mialoni. Kulungu pale walikuwa kama mbuzi wa jirani, ukikohoa unawasikia wakikimbia. Mzee akafariki. Watoto wake wakakodisha shamba kwa kundi la watu kutoka Illinois, na siku nilipofika nikakuta kibao cha kukataza kuingia kimepigiliwa kwenye mti uleule niliokuwa nauegemea. Hakuna aliyenipigia simu. Mmoja wa wale wageni aliniuliza, huku anatabasamu, kama kwetu Afrika simba wameisha mpaka nimfuate kulungu huku. Nilitabasamu nami, nikageuza gari. Mpaka leo nikipita barabara ile natazama upande wa pili.

Nakusimulia hayo kwa sababu ndiyo hali ya uwindaji hapa kwa ufupi. Kusini na katikati ya jimbo kulungu wamejaa, lakini ardhi ni ya watu, na kila mwaka inazidi kufungwa kwa vibao na mikataba ya kukodi. Kaskazini ardhi ni yetu sote, msitu wa taifa peke yake una ekari milioni 1.5, lakini kulungu ni wachache. Mtu asiye na shamba, asiye na mjomba mwenye shamba, anaishia kaskazini. Mimi na wewe.

Ni kweli wamepungua. Wazee wanaokumbuka mwaka 2000 hawadanganyi. Mwaka ule misimu yote ikijumlishwa ziliandikishwa zaidi ya kulungu 600,000 jimbo zima. Msimu wa bunduki wa siku tisa peke yake, mwaka 2023, ulitoa karibu 174,000, na kaskazini ndiko kulikolia zaidi, kwa kuwa majira ya baridi yaliyotangulia, ya 2022 kuingia 2023, yalikuwa mabaya kule juu. Theluji nene ikikaa muda mrefu, kulungu anatembea akizama tumboni, anakula maganda ya miti, na jike aliyekonda anazaa ndama dhaifu asiyedumu. Idara ya Maliasili ya jimbo huwa inaipima baridi hiyo kwa pointi: siku ambayo theluji imefika inchi 18 ni pointi moja, siku ambayo joto limeshuka hadi sifuri ya Fahrenheit au chini ni pointi moja nyingine. Zikijumlishwa majira mazima zikavuka 80, hiyo ni baridi kali. Ndiyo maana kaunti nyingine za kaskazini hazitoi kibali cha kupiga jike kabisa baada ya mwaka mbaya. Soma pointi hizo masika kabla hujapanga utaenda wapi Novemba. Hakuna anayezisoma, wanasoma Facebook.

Mbwa mwitu wapo, kama elfu moja hivi, na tangu Februari 2022 wamerudi chini ya ulinzi wa serikali kuu. Wanakula kulungu, ndiyo chakula chao. Dubu naye anakula ndama, lakini sijamsikia mtu baa akimtukana dubu. Na msitu wenyewe umezeeka. Ulikatwa karibu wote enzi za mbao, ukaota upya, na miti michanga ndiyo iliyowanenepesha kulungu wa babu za hawa Wazungu. Sasa miti imekuwa mirefu, chini pana kivuli, na kulungu hafiki juu alipo mjukuu wa kindi wangu. Ukitaka kumwona, tafuta palipokatwa miti miaka michache iliyopita, pale miti michanga ya aspen imesongamana mpaka huwezi kupitisha bega.

Ila kuna jambo ambalo wanaolalamika hawalitaji, kwa sababu linawahusu. Miguu imepungua msituni. Zamani wawindaji walikuwa wengi zaidi, na walikuwa wanatembea. Familia nzima inajipanga, wajomba wanakaa mbele, vijana wanapita kichakani wakifukuza, karibu sawasawa na babu yangu na nyavu zake, isipokuwa mbwa maana hapa ni marufuku kumtumia kwa kulungu. Hata aliyekaa kivyake alifaidi, wanyama walisukumwa huku na huku siku nzima. Leo kila mtu kapanda dungu lake saa kumi na moja alfajiri, wengine wana kibanda chenye hita na kiti cha kuzunguka, anacheza na simu akisubiri kulungu aje kujitambulisha. Kulungu kesha sikia milango ya magari Jumamosi ya ufunguzi, kalala kwenye kinamasi, na hakuna wa kumwamsha. Anakula usiku. Jioni watu wanakutana na kuambiana wameisha.

Hapo ndipo nilipoelewa zile siku za kindi. Mzee alikuwa ananifundisha kuweka mguu.

Basi Jumanne ile ilikuwa imeanguka theluji mpya usiku, kidogo tu, ya kufunika majani. Niliiacha gari kabla ya mapambazuko, nikaingia ndani mpaka sauti ya barabara ikapotea. Asubuhi sikuona kitu. Karibu na saa nne nikakuta nyayo, kubwa, kingo zake bado kali hazijaporomoka, na hatua chache mbele kinyesi cheusi kinachong'aa. Nikavua glavu nikakigusa. Hakikuwa cha baridi. Nilitoa kichupa changu, nikapuliza unga wa muhogo kidogo hewani, wenzangu wananunua poda ya dukani ya kupima upepo, mimi mama watoto hajawahi kunikatalia unga, nao ukanirudia usoni. Vizuri. Nikaanza kutembea: hatua tatu, nasimama, natazama muda mrefu kuliko unavyodhani inafaa. Nyayo zikashuka hadi ukingoni mwa kinamasi cha mierezi. Usitafute kulungu mzima, humwoni. Tafuta mstari uliolala kati ya miti iliyosimama. Niliuona, nyuma ya mti ulioanguka, nikaufuata kwa darubini mpaka ukawa mgongo, kisha sikio likatikisika. Alipoinuka nilikuwa nimeshatulia.

Kumburuta mpaka kwenye gari ni habari nyingine, mgongo wangu hautaki niisimulie.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: tembea. Ukitembea, tembea polepole. Ukiona unakwenda polepole, punguza tena. Upepo uwe usoni. Nenda katikati ya wiki kama msimamizi wako anakupa ruhusa, na usipokuwa na ruhusa omba mapema, Agosti, usingoje Novemba uanze kuumwa ghafla. Tafuteni watu wanne au watano mwinde pamoja, msimu wa bunduki sheria inaruhusu kundi. Ninyi vijana mna kundi la WhatsApp la watu mia mbili mnatumiana video za mahubiri na mieleka, na hamwezi kupata watu watano wa kuamka saa tisa usiku? Baba zetu walilala porini kwa ajili ya nyama ya watu wengine. Sisi tumepewa leseni ya dola 24, dola 5 kwa anayenunua mara ya kwanza, tumepewa msitu bure, na bado tunaketi. Uvivu huu tumeuokota wapi? Mungu hakuahidi popote kwamba mnyama atakufuata kwenye kiti.

Na ukimpata, msajili kwenye simu kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku inayofuata, na nenda kampime. Hili sitanii. Ugonjwa wa prioni (protini iliyoharibika, si kijidudu), ule unaomkondesha kulungu mpaka anadondosha mate na haogopi mtu, uligunduliwa Wisconsin mwaka 2002 karibu na Mount Horeb, mji mdogo wa kusini mwa jimbo, na tangu hapo unasambaa. Kusini-magharibi yapo maeneo ambayo theluthi ya madume waliokomaa au zaidi wanao, na wengi kwa macho ni wazima, wanono. Hajajulikana binadamu aliyeupata, lakini wataalamu wa afya wanasema usile nyama ya aliyepatikana nao, na kuupika hakuui. Kipimo ni bure. Unakata kichwa na kipande cha shingo, unakitia kwenye mfuko, unajaza fomu kwenye kibanda cha kuachia, unakwenda zako. Nyama inakaa kwenye friza mpaka jibu litoke. Najua mama anakuuliza sombe (kisamvu) imeshaiva na nyama iko wapi. Mwambie asubiri. Wangu alisubiri, jibu likaja safi, tukala paja na bukari (ugali) watu wakajaa mpaka kwenye ngazi, pamoja na wawili kati ya walionicheka. Niliwapakulia vizuri. Nilihakikisha wameiona picha.

Sasa hivi, mdogo wangu, wakati theluji ipo na watu wamelala, ndio wakati wa kwenda kusoma mapito yao. Nenda Jumamosi hii bila bunduki. Angalia wanavuka wapi, wamelala wapi, wametafuna matawi gani. Chora kwenye ramani. Lile dungu liuze, utapata mnunuzi haraka, wapo wengi. Ukitaka mtu wa kuongozana naye Novemba niandikie, chai nitaleta mimi. Ila usiniulize kinamasi kile kiko kaunti gani, hata mchungaji wangu kaniuliza nikamwambia tuombe.