Maswali na Majibu: Tairi la Lami na Vumbi kwa Njia za Tanga

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti, kwa hiyo naanza na hilo ili tulimalize.

Tairi gani ni bora kwa lami na vumbi? (Wasomaji kadhaa, Tanga Mjini)

Hakuna hata mmoja aliyetaja pikipiki yake, saizi ya rimu, mzigo anaobeba wala njia anayopita, na bila hayo jibu lolote litakuwa la kubahatisha. Zile namba za 50/50 au 80/20 ambazo wauzaji huzitaja, yaani sehemu ya lami na sehemu ya vumbi, ni makadirio ya mtengenezaji mwenyewe wala si kipimo kinachowabana wote, hivyo 50/50 ya kampuni moja yaweza kuwa na meno mafupi kuliko 70/30 ya nyingine. Hesabu kwanza kilomita zako za wiki kwa uaminifu. Anayetoka Makorora kwenda kazini Chumbageni kila siku, na kufika shambani Maramba mara moja moja, ni mtu wa lami hata kama moyo wake uko porini. Tairi la meno makubwa litampigia kelele, litamtetemesha mikono na litaisha katikati kabla ya msimu kugeuka. Kwenye lami iliyolowa ni baya zaidi, kwa sababu linagusa barabara kwa ncha za meno tu na breki inachelewa kushika.

Mimi ni afisa ugani, natumia Honda XL 125 kati ya Muheza na vijiji vya Amani. Masika tairi la mbele linateleza hata nikienda polepole. Nibadilishe lipi? (Muheza)

Hili ni swali lililokamilika, na linastahili jibu refu. Udongo mwekundu wa Usambara ukilowa hujaza mifereji ya tairi la lami katika mizunguko michache ya gurudumu, na tangu hapo unaendesha kipara hata kama tairi ni jipya. Unachohitaji ni meno yaliyoachana vya kutosha ili tope litoke lenyewe gurudumu linapozunguka. Nafasi kati ya jino na jino ina kazi kubwa kuliko urefu wa jino. Kwa pikipiki yako tafuta 2.75-21 mbele na 4.10-18 nyuma za aina ya nusu kwa nusu, na kama fedha inatosha tairi moja tu, anza na la mbele.

Hata hivyo, kabla ya kununua chochote, pima upepo. Naona watu wakijaza mpaka tairi liwe gumu kama jiwe kwa kuamini kwamba hivyo halitapata pancha, kisha wanalaumu meno. Anza na kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na unapoingia kwenye tope punguza psi chache (psi ni kipimo cha upepo kinachosomwa kwenye geji). Kwa tairi lenye tyubu sikushauri kushuka chini ya psi 18, kwa sababu ukigonga jiwe tyubu hubanwa na rimu na kutoboka matundu mawili yanayolingana. Tairi lenye upepo mdogo pia huteleza juu ya rimu na kuivuta tyubu. Iangalie vali: ikiwa imelala upande badala ya kusimama wima, tairi limeshahama na siku yoyote vali itang'oka. Nati ya vali usiikaze kwenye rimu. Ipandishe mpaka kwenye kifuniko, ili uione vali ikianza kulala na ipate nafasi kabla ya kuchanika. Ukirudi kwenye lami jaza tena, maana tairi laini linalokimbia hupata joto na ubavu wake huchoka. Pampu ndogo na geji yako mwenyewe havina gharama ya kutisha.

Naweza kufunga meno nyuma na kuacha tairi la lami mbele? (Korogwe)

Wengi hufanya hivyo kwa sababu nyuma ndiko kunakosukuma, lakini ndiyo mchanganyiko mbaya kuliko yote. Nyuma ikiteleza mara nyingi unaiokoa, ilhali mbele ikiteleza umeshaanguka. Kama ni lazima kuchanganya, tairi lenye meno zaidi liwe mbele.

Tairi gani halizami kwenye mchanga wa kwenda Ushongo? (Pangani)

Halipo. Punguza upepo kidogo, sogeza uzito nyuma, shika mwendo usiobadilika na uangalie mbali, kisha ukifika nyumbani osha spoku kwa maji yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi ya pwani huzila.

Fundi amenichongea upya mifereji ya tairi lililoisha. Lina usalama? (Ngamiani)

Hapana. Amepunguza mpira mdogo uliokuwa umebaki juu ya nyuzi za ndani ya tairi. Litoe leo, hasa kama unabeba abiria.

Nitajuaje kwamba tairi la bei nafuu dukani si la zamani? (Handeni)

Tafuta ubavuni herufi DOT, kisha soma tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likunje kwa mikono uangalie mashina ya meno, kwa kuwa nyufa huanzia hapo, na tairi lililoning'inizwa juani mbele ya duka huzeeka haraka kuliko lililokaa kivulini. Ukiwa hapo ubavuni soma pia namba ya mzigo, ambayo hakuna aliyeiuliza: 51 ni kilo 195 na 57 ni kilo 230 kwa tairi moja, likiwa na upepo wake kamili. Dereva anayepakia mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, na gunia la mahindi juu yake afanye hesabu hiyo kabla ya kusema tairi lilikuwa bovu.

Naweza kutoa tyubu kwenye rimu ya spoku? (Lushoto)

Kwenye rimu ya kawaida, hapana. Upepo utatokea kwenye matundu ya spoku.

Nimefunga matairi mapya jana, leo nimeteleza kwenye kona kavu. Nimeuziwa feki? (Mabokweni)

Pengine sivyo. Tairi jipya hutoka kiwandani likiwa laini na linang'aa, nalo huhitaji kilomita mia moja au zaidi za mwendo wa upole, bila kulala sana kwenye kona, mpaka uso wake ukwaruzike. Muulize fundi alipaka nini alipolifunga, kwa sababu sabuni na maji ndivyo vinavyofaa, na oili iliyomwagika kwenye meno ingetosha kukuangusha. Kisha angalia mshale ubavuni: kama unaelekea kinyume na mzunguko wa gurudumu, mrudishie alifungue na kuligeuza bila kukutoza.