Nimeacha urea, naweka samadi: napimaje kama shamba linapona?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nalima mchicha nusu eka huku Kinyerezi. Tangu mwaka jana nimeacha urea, naweka samadi ya kuku, na mavuno hayajashuka. Kikundi chetu kinatakiwa kuonyesha kwamba kilimo chetu ni endelevu. Nipime nini, na mashine sina?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Hongera kwa jitihada, ila kuacha urea peke yake si kipimo. Samadi ya kuku nayo ina naitrojeni nyingi, kirutubisho kilekile kilichomo kwenye urea, na kwenye kichanga chetu cha Dar ukiizidisha inateremka na maji mpaka visimani.

Anza na daftari: kilichoingia shambani na kilichotoka. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Mchicha mbichi kilo 1,000 unaondoka na kilo 4 au 5 hivi. Kwa hiyo msimu ule uliotia mfuko mmoja ukauza kilo 2,000, kilo 13 na ushee hazikwenda sokoni. Nyingine zimebaki udongoni, nyingine zimezama na maji, nyingine zimepanda hewani, na humo imo naitrasi oksaidi, gesi ambayo kilo yake moja huongeza joto la dunia zaidi ya kilo 250 za hewa ukaa. Pengo hilo likipungua na mavuno yakasimama palepale, hapo umepiga hatua kweli. Samadi ipime kwa mizani kabla ya kumwaga, na sampuli yake ipeleke maabara ujue naitrojeni iliyomo.

Maji ni rahisi. Tega ndoo ya lita 20 kwenye mpira wa pampu, uhesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 40, saa moja ni lita 1,800. Zidisha kwa saa zote ulizomwagilia msimu huo, kisha gawa kwa kilo ulizovuna. Dawa za wadudu andika kila unapopuliza.

Udongo ndio unaotaka subira. Lile jaribio la kutumbukiza tonge la udongo kwenye glasi ya maji kuona kama litashikamana halikufai, kichanga husambaratika hata kikiwa na afya. Wewe pima kaboni, inayoonyesha mboji iliyomo udongoni. Chota sehemu kama 15 kwa zigizagi, kina cha sentimita 20, changanya, peleka maabara ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Morogoro, au ya TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Mlingano, Tanga. Rudia baada ya miaka mitatu, mwezi uleule, kina kilekile, maabara ileile. Sampuli ya kwanza ichukue sasa, kabla hujamwaga samadi ya masika, upate pa kulinganishia.