Pikapu imegoma kuwaka: maswali yenu

Shikamoo fundi. Hilux yangu ya dizeli nikipiga stata inalia "tak" moja, kimya. Taa zinawaka vizuri. Nimenunua betri mpya, hali ni ileile. – Msomaji, Njombe

Marahaba. Pole kwa hela ya betri. Mlio mmoja mzito huku taa haziyumbi, mshuku stata. Nyingi za Toyota zimetengenezwa na kampuni ya Denso, na ndani ya solenoidi yake (swichi ya umeme iliyo kwenye stata) mna vipande viwili vya shaba vinavyopiga cheche kila ukiwasha, vikalika taratibu. Ndiyo maana unajaribu mara tatu inagoma, ya nne inawaka kama haikuwa na tatizo. Fundi akisema stata nzima imekufa, mwambie afungue kifuniko mbele yako. Shaba zikiwa zimelika, zinabadilishwa zenyewe, kwa bei ndogo sana kuliko stata.

Ila kabla ya kushusha chochote, pima eathi, yaani waya wa hasi unaounga betri na injini. Ncha moja ya mita ya volti iguse hasi ya betri, nyingine chuma kitupu cha injini, mwenzako apige stata. Ikisoma zaidi ya volti 0.5, waya umeoza au nati imelegea. Hapo kazi ni spana na msasa tu.

Yangu inalia tatatata na dashibodi inafifia.

Betri, au vichwa vyake. Fungua hasi kwanza, safisha ule unga kwa maji ya moto na brashi, kaza. Betri iliyolala usiku kucha isome volti 12.6, ikisoma 12.0 iko karibu tupu. Injini ikinguruma isome 13.8 hadi 14.4. Haifiki? Alteneta (inayochaji betri) au mkanda wake.

Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ: stata inazungusha vizuri, haiwaki.

Washa swichi bila kupiga stata, chomoa na urudishe waya wa solenoidi ya kuzima dizeli kwenye pampu. Usiposikia "tik", angalia fyuzi na kama umeme unafika. Ikisumbua asubuhi za baridi tu, pima plagi za joto, zinazopasha injini kabla ya kuwaka.

Nina Land Cruiser ya Japani yenye betri mbili. Niiboosti kwa teksi?

Fuata waya kwanza. Chanya ya betri moja ikienda kwenye hasi ya nyingine, huo ni mfumo wa volti 24. Teksi ya volti 12 achana nayo. Chanya ya moja ikienda kwenye chanya ya nyingine, ni volti 12, boosti.