Hukosi gundi, mzee, umekosa mfupa

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Shikamoo mzee. Nina wiki mbili na meno bandia. Ya juu afadhali, ya chini yanacheza hata nikiyapaka gundi. Niongeze?"

Marahaba, mwanangu. Usiongeze. Kukueleza kwa nini itabidi nijianike mwenyewe.

Mimi ni mshereheshaji. Mdomo ndio jembe langu, na najua wengi mnaonisoma mnataka kusimama mbele za watu mseme bila kuziba kinywa kwa kiganja. Basi siku hiyo nimeshika kipaza sauti, ukumbi umejaa, nimefika kwenye "mpendwa bibi harusi". Meno ya juu yakashuka. Niliyadaka kwa ulimi, lakini kipaza sauti kilishasikia ule mgongano, na ukumbi wote nao ukasikia. Shughuli iliyofuata akapewa mwenzangu. Tangu siku hiyo, kila tukionana, alikuwa akiniuliza, "Meno hayajambo?"

Nilichofanya baada ya hapo nakisimulia kwa aibu. Nilipaka gundi kama fundi anayepiga lipu. Asubuhi, mchana, na tena kabla ya kupanda jukwaani. Ikinichuruzika kooni, nameza. Mrija wa gramu 68 nikaumaliza kwa siku tisa, nami nikajiona mjanja.

Daktari wa meno aliponiuliza natumia kiasi gani, akanyamaza kidogo. Mrija wa kiasi hicho, alisema, mtu mwenye meno bandia juu na chini unapaswa kumfikisha wiki saba hadi nane. Kisha akaniuliza kama imo zinki. Baadhi ya gundi hizi huwa nayo, na ukiila kwa wingi kwa muda mrefu hushusha madini ya shaba mwilini, damu ikadhoofika na mishipa ya fahamu ikaharibika: ganzi miguuni, mwendo wa kuyumba. Mwaka 2008 madaktari waliandika habari za wagonjwa wa namna hiyo, na 2010 mtengenezaji mmoja mkubwa akaacha kuuza gundi yenye zinki. Nilirudi nyumbani nikavaa miwani, nikasoma boksi langu. Imo. Usiku ule nililala nikijibinya vidole vya miguu. Namshukuru Mungu, vilikuwa vinasikia.

Lakini neno lake lililonichoma zaidi ni hili: "Hukosi gundi, mzee, umekosa mfupa." Ukishang'oa meno, taya hupungua, na mwaka wa kwanza ndio hupungua kwa kasi. Meno bandia yenyewe hayapungui. Yangu yalitengenezwa mapema, ufizi ukasinyaa, nafasi ikabaki, na mimi nikawa naijaza nafasi hiyo kwa gundi. Akayaongezea tabaka jipya kwa ndani, yakakaa. Yamekaa hasa! Ya chini yatakuwa wakorofi daima, kwa sababu ya juu yana kaakaa zima la kung'ang'ania, ya chini yana ukingo mwembamba tu na ulimi unayasukuma kutwa.

Siku hizi natumia gundi isiyo na zinki, na kidogo tu. Nayasafisha meno, nayakausha kwa kitambaa, kisha naweka matone matatu madogo ya gundi, kila moja kama punje ya njegere, mbali na ukingo. Nasukutua, nayavaa, nayakandamiza, nauma sekunde chache. Nasubiri kama dakika tano ndipo nile. Ikitokeza pembeni, umezidisha. Mara moja kwa siku inatosha.

Usiku nayavua. Hapa ndipo wengi wenu mnanikera. Mnalala nayo, ufizi unakuwa mwekundu, fangasi wanajenga, halafu mnauliza gundi gani ni nzuri kwa vidonda! Hakuna. Kidonda hakifunikwi kwa gundi, kinapelekwa kwa daktari. Ufizi usugueni taratibu kwa kitambaa na maji ya vuguvugu mpaka utelezi wa gundi uishe. Meno yaosheni juu ya beseni lenye maji, yakiponyoka yasivunjike, kisha yalazeni ndani ya maji. Yanayochemka hapana, yatapinda. Nimeshasema kidogo tu? Narudia: kidogo tu.

Nawe mwanangu wa wiki mbili, kinywa chako bado kinajifunza, lakini kucheza huko kusikufanye ukae kimya. Rudi kwa aliyekutengenezea, mwambie yanapanda unapofanya nini: ukitafuna, ukicheka, ukisema. Siku ya kwenda usipake gundi kabisa, ili ayaone yalivyo. Ukitoka kwake niandikie.

Jumamosi iliyopita nimesherehesha saa nne mfululizo. Yule mwenzangu alikaa meza ya mbele. Hakuuliza kitu.