Usianze na "Simba ni Urithi Wetu"

Kipindi changu cha kwanza cha wanyama wakali, katika shule moja ya msingi tarafa ya Idodi, kilinishinda ndani ya dakika kumi. Nilikuwa nimetoka Iringa mjini na mabango yangu, nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: "Simba ni urithi wetu." Mtoto wa darasa la tano akanyoosha mkono. "Mwalimu, juzi usiku urithi wetu umekula ndama wa baba." Darasa zima likaangua kicheko, mimi nikabaki na chaki mkononi.

Tangu siku hiyo utalii na fedha za kigeni sivitaji kabisa kipindi cha kwanza. Nauliza tu: nani kwao wameliwa mfugo? Waache waseme, hata kengele ikigonga. Watoto hawa wamepakana na Hifadhi ya Ruaha, na wengi hawajawahi kuingia humo. Simba wanamjua kwa sauti ya usiku na kwa mzoga wa asubuhi. Ukiwaambia hofu yao ni ushamba, umewapoteza mpaka mwaka uishe. Wala usiwatajie haraka kifuta jasho, ile pesa ya serikali kwa walioliwa mifugo. Baba zao wanajua kinavyochelewa.

Wakishasema, nawarudisha kwenye zizi. Simba mara nyingi hana haja ya kuruka uzio. Ng'ombe wakinusa harufu yake hupata kiwewe, wanaisukuma miiba na kutoka wenyewe, naye anawangoja nje. Kwa hiyo kazi ya nyumbani si kuchora simba. Ni kuzunguka zizi na kutafuta pale ambapo ng'ombe aliyeshtuka angepita. Mzee mmoja alinifuata shuleni, nikajua leo nagombezwa. "Kamwene, mwalimu. Huyu mjukuu wangu amenifanya nijenge uzio upya." Sijawahi kupata sifa kubwa kuliko hiyo.

Nyayo nazo wanazipenda kupita picha yoyote. Fisi anaacha alama za kucha. Simba na chui huzificha wanapotembea. (Duma anaharibu kanuni, kucha zake huonekana. Mwachie mtoto mjuaji akukosoe.) Baada ya somo hilo binti mmoja alikuja kuniambia mbuzi wao aliyedaiwa kuliwa na chui alichukuliwa na fisi, na kwamba mlango wa banda haukufungwa. Nilimuuliza nani alikuwa zamu. Akatazama chini.

Atatokea mtoto wa kukuuliza habari za simba wa Njombe, maana bibi amemsimulia. Usimkatize. Katika miaka ya 1930 na ya 1940 simba waliua watu wengi sana kule, na wenyeji wengi waliamini ni simba wa kutumwa, mpaka bwana nyama George Rushby na maskauti wake walipowamaliza mwaka 1947. Nasimulia na uchawi wenyewe, siuondoi, kisha naongeza kipande ambacho bibi huwa hakigusi: serikali ya kikoloni ilikuwa imeua wanyamapori wengi ili sotoka, ugonjwa unaoua ng'ombe, isivuke kwenda kusini, na simba wakapungukiwa windo. Hapo nyamaza. Mwaka jana aliyevunja ukimya alikuwa kijana wa nyuma kabisa: "Kumbe swala wakiisha, zamu ni yetu."

Mkifanikiwa kupata basi la kwenda hifadhini, beba mifuko ya kutapikia, barabara ile si rafiki wa tumbo. Ondokeni alfajiri, kwani jua likishapanda simba amelala kivulini na hana habari na mtu. Sisi tulifika tumechelewa, tukaona jike mmoja chini ya mbuyu, mkia tu ukifukuza nzi. Nikadhani watoto wamevunjika moyo. Njia nzima ya kurudi ubishi ulikuwa mmoja: yule ndiye aliyekula ndama, au ni dada yake?