Skripti inakubali mchana, inakataa usiku: tazama kwanza nani anaiendesha

Ndugu yangu wa Malindi, umeuliza kwa nini skripti yako ya kunakili hesabu za hoteli, iliyo kwenye diski Z ya ofisi (folda ya seva iliyopewa herufi), inakwenda vizuri ukiibofya mwenyewe, lakini Task Scheduler, programu ya Windows ya kuanzisha kazi kwa saa zilizopangwa, ikiiamsha saa nane usiku haifanyi lolote. Unasema umeshaiandika upya mara mbili. Nakuomba usiiguse tena. Kwa unavyoeleza, skripti ni nzima. Kilichobadilika ni mwendeshaji.

Nalijua hili kwa sababu lilitutia hasara hapa Lamu. Natunza kompyuta za duka moja la jumla, Langoni: mashine mbili za mauzo, moja ya ofisini, na seva ndogo iliyo juu ya kabati nyuma ya magunia ya mchele. Nilipanga kila usiku faili ya mauzo itolewe kwenye seva na kunakiliwa kwenye diski ya nje. Asubuhi nikifika natazama Task Scheduler, naona 0x0, yaani salama, naenda zangu. Wiki tatu baadaye umeme ulikatika, uliporudi diski ya seva haikuamka. Nikafungua nakala. Faili ya mwisho ilikuwa ya siku ile niliyoijaribu kwa mkono wangu. Mama anayeshika hesabu alikaa siku nne akiingiza mauzo upya kutoka kwenye vitabu vya risiti, nami kando yake nikimsomea namba moja moja.

Chanzo kilikuwa ile herufi Z, ambayo nami niliitumia. Z si ya kompyuta, ni ya mtu aliyeingia, na inaishi ndani ya kikao chake tu. Mimi nilikuwa nimeiagiza kazi iendeshwe na akaunti ya SYSTEM, ile ya Windows yenyewe, nikidhani kwa kuwa ina nguvu zote itafika kokote. Nguvu zake ni za ndani ya mashine ile. Kwenye mtandao mdogo usio na domeni (yaani usio na orodha moja ya akaunti kwa mashine zote), ikibisha hodi kwenye seva haijulikani. Hata wewe mwenyewe ukifungua dirisha la amri kama msimamizi, mara nyingi utakuta Z haipo, na umekaa kwenye kiti kilekile.

Na ile 0x0? Mstari wa mwisho wa skripti yangu ulikuwa exit /b 0. Nakala ishindwe isishindwe, ilimwambia Task Scheduler kwamba mambo yamekwenda. Ufute mstari huo kama unao, na baada ya kila amri ya copy weka if errorlevel 1 exit /b 1, yaani ikishindwa itoke na kusema imeshindwa.

Sasa fanya hivi kabla ya kubadilisha chochote. Tengeneza folda C:\Kazi, na mwanzoni mwa skripti weka mistari hii mitatu. Itaandika kwenye logi, yaani faili ya kumbukumbu, nani anaiendesha, anaona diski zipi za mtandao, na kama anaifikia folda ya seva:

whoami > C:\Kazi\logi.txt
net use >> C:\Kazi\logi.txt 2>&1
dir \\SEVA\Hesabu >> C:\Kazi\logi.txt 2>&1

Badala ya SEVA na Hesabu andika jina la seva yako na la folda yako. Kisha iendeshe kupitia Task Scheduler, si kwa kubofya faili. Yangu ilipofunguka, mstari wa kwanza ulisomeka nt authority\system, orodha ya diski za mtandao ilikuwa tupu, na chini yake nimenyimwa ruhusa. Nilikuwa nimehangaika siku mbili na jibu lilikuwa mistari mitatu. Logi isipoandikwa kabisa, yaelekea skripti yenyewe haikufikiwa, kwa sababu nayo inaitwa kupitia Z.

Dawa niliyotumia: nilifungua akaunti moja ya kazi hii tu, jina lilelile na paswadi ileile kwenye seva na kwenye mashine ya ofisini. Paswadi kamili, si PIN. Nikaipa ruhusa ya kusoma folda ya Hesabu, kwenye ushirikishaji (share, yaani mlango wa folda kwenye mtandao) na kwenye folda yenyewe pia, maana kati ya hizo mbili ile iliyo finyu ndiyo inayoshika. Kwenye Task Scheduler nikachagua iendeshwe hata kama hakuna aliyeingia, na kile kisanduku cha kutohifadhi paswadi nikakiacha wazi. Ukikitia alama, kazi haitafika nje ya mashine. Kila palipoandikwa Z:\ nikaweka \\SEVA\Hesabu\. Usitumie cd kuingia humo, cmd (lile dirisha la amri) itakataa na kukuacha palepale ulipokuwa. Tumia pushd, ambayo huipa njia hiyo herufi ya muda, na mwisho popd ya kuiondoa.

Halafu skripti yenyewe iondoe kwenye diski ya pamoja. Hapa sina mjadala. Data ikae kwenye seva, skripti ikae C:\Kazi, na hakikisha ni wewe tu unayeweza kuihariri. Ikiwa wafanyakazi wote wanaweza kuhariri faili inayoendeshwa usiku kwa akaunti yako, basi yeyote kati yao anaweza kuamrisha chochote kwa jina lako. Na kwa skripti za PowerShell, lugha nyingine ya amri ya Windows, kuna faida nyingine: faili iliyo kwenye njia ya mtandao, hasa ukiiita kwa anwani ya namba zenye nukta, huweza kuhesabiwa kuwa imetoka kwenye intaneti ikazuiwa.

Kwetu umeme ukirudi, kompyuta ya ofisi huwaka kabla ya seva. Kwa hiyo skripti yangu huangalia kwanza kwa if exist kama faili ya mauzo inaonekana. Ikikosekana husubiri nusu dakika na kurudia, mara kumi. Kusubiri natumia ping -n 31 127.0.0.1, kwa sababu timeout inaweza kugoma pasipo mtu kwenye kibodi.

Ukishaiendesha, niandikie mstari wa kwanza wa logi unataja jina gani, na dir imejibu nini. Kwa hayo mawili tutajua ni ruhusa au ni njia.